Safari ya Hadithi za Ajabu

Kila taifa lililopata kuishi chini ya jua limekuwa na hadithi za ajabu. Wako watu waliokosa chuma, wako waliokosa maandishi, wako waliokosa gurudumu na tanga, lakini hawajaonekana watu waliokosa hadithi ya mnyama asemaye, au ya jini ajigeuzaye, au ya mtoto mdogo aliyeliua zimwi lililowashinda watu wazima. Jambo linapoenea namna hii kwa watu wote na kwa zama zote haliwezi kuwa upuuzi mtupu. Njaa imeenea kwa watu wote kwa sababu mwili hauishi bila chakula. Yamkini hadithi nazo zimeenea kwa sababu akili haikui vema bila yake.

Hata hivyo, msomaji, hadithi hizi zimekuwa na washitaki wengi tangu kale. Zimeitwa uongo, zimeitwa ushirikina, zimeitwa kupoteza wakati. Labda wewe mwenyewe umekwisha kuambiwa, ulipokutwa umeinamia kitabu cha majini na visiwa vya mbali, uache mambo ya kitoto ushike kitabu cha maana. Nia ya insha hii ni kukupa habari za ugomvi huo: nani walizishitaki hadithi, nani walizitetea, na jinsi hadithi zenyewe, wakati wakubwa wakibishana juu yake, zilivyokuwa zikisafiri toka nchi hata nchi mpaka zikafika katika pwani yetu, na toka pwani yetu zikavuka bahari tena. Ukiisha kuzisikia habari hizo, hukumu itakuwa yako.

Na tuanze Bara Hindi. Katika kitabu cha kale kiitwacho Panchatantra inasimuliwa kwamba palikuwa na mfalme mwenye wana watatu, wote wazito wa kufahamu. Wataalamu wa baraza walimwambia kuwa sarufi peke yake hutaka miaka 12, na baada yake ndipo zianzapo elimu nyingine. Mfalme alihuzunika, maana maisha ni mafupi na ufalme haungoji. Ndipo mzee mmoja, Vishnusharma, alipoahidi kuwatia wana hao busara ya utawala kwa muda wa miezi sita. Hakuwakalisha mbele ya sheria na kanuni. Aliwatungia hadithi: simba na fahali waliofarakanishwa na mbweha, kunguru na bundi waliopigana vita, kima aliyemponyoka mamba. Kama mfalme huyo alikuwako au hakuwako si kitu. Kitu kikubwa ni fikira iliyomo, kwamba mtoto aliyeshindwa kufundishwa kwa amri aweza kufundishwa kwa hadithi. Fikira hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,500, na mpaka leo haijazeeka.

Kitabu hicho hakikukaa kwao. Katika karne ya 6, zamani za Mfalme Khosrow Anushirwan wa Uajemi, tabibu aliyeitwa Burzoe alikifasiri kwa Kiajemi cha wakati ule. Katika karne ya 8 mwanachuoni Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu, kikajulikana kwa majina ya mbweha wawili waliomo, Kalila na Dimna. Toka Kiarabu kilienea mpaka Ulaya. Katika mwaka wa 1678 mshairi La Fontaine wa Ufaransa, alipokuwa akitoa fungu la pili la hadithi zake za wanyama, alikiri wazi kwamba sehemu kubwa ameipata kwa mwenye hekima wa Kihindi. Mwizi wa mali huficha. Mrithi wa hadithi huona fahari kumtaja aliyemrithi.

Sasa tutazame kwetu. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi na kusi zilileta vyombo katika bandari za Lamu, Mombasa na Unguja, na kuvirudisha vilikotoka. Vyombo hivyo vilichukua nguo, tende, pembe na boriti. Vilichukua pia watu waliokaa miezi mingi wakingoja upepo ugeuke, na mtu anayengoja upepo hana kazi kubwa kuliko kuzungumza. Bidhaa zilitozwa ushuru forodhani, lakini hadithi ilipita bila ya kufunguliwa, kwa kuwa ilikuwa imefungwa ndani ya kifua cha baharia.

Katika mwaka wa 1864 alifika Unguja padre wa Kiingereza jina lake Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaketi akisikiliza wasimulizi wa mji na kuyaandika maneno yao. Katika mwaka wa 1870 alipiga chapa London kitabu cha hadithi hizo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, na huenda umepata kukisikia. Kima alikuwa akikaa juu ya mkuyu uliotandaza matawi yake juu ya bahari. Alifanya urafiki na papa, akawa anamtupia matunda kila siku. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipokuwa katikati ya maji papa akafichua siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakuomba. Alimwambia papa kwamba kima hawana desturi ya kutembea na mioyo yao, huiacha juu ya miti. Basi na warudi wakauchukue. Papa akarudi, kima akaparamia mkuyu wake, na toka juu akamsimulia papa kisa cha punda aliyeponyoka kucha za simba, kisha akashawishika kurudi mara ya pili na kuuawa. Sungura aliula moyo wa punda na masikio yake, na simba alipouliza viko wapi, alijibiwa kuwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Kisa hiki ni kile kile kilichomo katika fungu la nne la Panchatantra. Lakini angalia yaliyobadilika. Huko Bara Hindi adui ni mamba. Hapa, kwa watu wa bahari, amekuwa papa. Huko aliyemdanganya punda ni mbweha. Hapa amekuwa sungura, mjanja tunayemjua sote. Wasimulizi wetu hawakuipokea hadithi kama mtu apokeaye nguo ya kuazima asiyethubutu kuikata. Waliikata kwa kimo chao, wakaishona, ikawa yao. Hii ndiyo haki ya kila taifa katika hadithi, na ndiyo sababu ubishi juu ya nani mwenye hadithi hauna faida kubwa kama kuuliza nani ameisimulia vema.

Tafakari pia mahali na wakati. Steere alipokuwa akiyaandika maneno haya, soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Halikufungwa mpaka mwaka wa 1873. Katika mji ambamo binadamu alitiwa bei mchana, usiku ilisimuliwa habari ya mnyonge aliyechukuliwa baharini kwa hila ili atolewe moyo wake kwa faida ya mkubwa, naye akajiokoa kwa akili yake mwenyewe. Sidai kuwa kila msikilizaji alilinganisha mambo haya mawili. Nasema tu kwamba mtoto wa mnyonge aliyelala na kisa hicho kichwani alilala na kitu ambacho dalali wa sokoni hakuweza kukipigia mnada.

Hadithi nyingine katika kitabu hicho ni ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na paka, na paka alianza kula mifugo ya watu. Watu walipolalamika, Sultani alijibu kuwa paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Paka akanenepa, akatoka katika mifugo akaingia katika watu, na bado Sultani hakusikia, mpaka siku paka alipowala watoto wa Sultani mwenyewe. Siku hiyo ndipo alipokubali kwamba yule si paka tena, ni nunda, mla watu. Aliyemwua ni mwanawe wa mwisho, ambaye hakuna aliyemtumaini. Alikwenda mwituni akarudi na mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama yake alimwambia kuwa huyo siye, lakini hakukata tamaa hata alipompata mwenyewe. Je, ni kitabu gani cha siasa kinachoeleza kwa maneno machache kuliko haya jinsi dhuluma ndogo iliyodekezwa na mtawala inavyokua hata ikamrudia nyumbani kwake? Mtoto wa miaka saba hawezi kusoma kitabu cha siasa, lakini paka huyu anamfahamu.

Na safari haikuishia Unguja. Huko Uingereza Andrew Lang alikuwa akitoa mfululizo wa vitabu vya hadithi za ajabu za mataifa mbalimbali, kila kimoja kikiitwa kwa jina la rangi yake. Kazi kubwa ya kuzifasiri na kuzisimulia upya ilifanywa na mkewe, Leonora, pamoja na wanawake wengine. Katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1901 aliingizwa nunda, mla watu, na katika kile cha mwaka wa 1910 aliingizwa kima na moyo wake, wote wawili kutoka katika kitabu cha Steere. Hivyo watoto wa London walikwenda kulala wakimwogopa mnyama aliyezaliwa katika vinywa vya wasimulizi wa Unguja. Wakati huo wakubwa wengi wa Ulaya walikuwa wakisema kuwa Afrika haina fasihi. Watoto wao walikwisha kuionja, wala hawakuulizwa.

Tugeukie sasa washitaki. Wa kwanza kujulikana sana ni Plato wa Uyunani, ambaye katika kitabu chake juu ya dola alitaka hadithi ambazo mama na yaya huwasimulia watoto zichaguliwe na wenye mamlaka, na zilizo mbaya zitupwe. Katika mwaka wa 1762 Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake juu ya malezi, alizishambulia hadithi za La Fontaine. Alisema kuwa mtoto asomapo habari ya mbweha aliyempokonya kunguru chakula kwa kumsifu, hatajifunza kujihadhari na wasifiaji, bali atatamani kuwa mbweha. Katika Uingereza Bibi Sarah Trimmer alitoa toka mwaka wa 1802 mpaka 1806 jarida la kuwashauri wazazi juu ya vitabu vya watoto, na humo alizionya hadithi za majini na za mabinti wa kifalme, kwa hofu kwamba zitawajaza watoto woga na tamaa mbaya.

Usiwacheke watu hawa upesi. Walikuwa na huruma kwa watoto, na hoja yao si ndogo. Ni kweli kwamba hadithi huweza kutisha kupita kiasi. Ni kweli kwamba ziko hadithi zinazomfanya mgeni kuwa mbaya kwa sababu ya rangi yake, au mama wa kambo kuwa katili kwa sababu tu ni wa kambo, na kwamba mtoto hunywa sumu hiyo pamoja na asali. Ni kweli hata neno la Rousseau kwamba watoto wengine humpenda mbweha. Lakini kosa la mpishi mmoja si sababu ya kuzima meko yote. Chakula kibaya hushindwa kwa chakula chema, wala hakishindwi kwa kuwaacha watu na njaa.

Watetezi nao walikuwako. Katika mwaka wa 1853 Charles Dickens aliandika makala ya kuwalaumu wale wanaozikata hadithi za kale na kuzijaza mahubiri ya wakati wao. Mwaka uliofuata, wa 1854, alitoa hadithi ndefu ambamo bwana mkali Gradgrind anaikataza nyumba yake na shule yake kila kitu isipokuwa mambo ya hakika yaliyohesabiwa. Watoto wa Gradgrind wanakua wakijua hesabu za kila kitu bila ya kujua thamani ya chochote, na mwana wake anaishia kuwa mwizi. Miaka 11 baadaye, mwaka wa 1865, mwalimu wa hesabu wa Oxford, ambaye jina lake la vitabuni ni Lewis Carroll, alitoa kisa cha msichana Alice aliyemfuata sungura shimoni akaingia katika nchi ya maajabu. Mwandishi alikisimulia kwanza kwa watoto watatu ndani ya mashua mwaka wa 1862, bila nia ya kuwafundisha lolote. Angalia kwamba aliyekitunga hakuwa mtu aliyeshindwa na hesabu. Hesabu ilikuwa kazi yake. Wanaodhani kuwa akili ya hakika na akili ya ajabu haziwezi kukaa katika kichwa kimoja wamjibu yeye.

Lakini ugomvi mkali kuliko yote ulitokea Urusi, baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1917. Mwandishi Kornei Chukovsky alikuwa amewatungia watoto kisa cha mamba anayetembea katika mitaa ya Petrograd akivuta sigara. Watoto walikipenda. Wakubwa wa elimu walikichukia, maana waliona kuwa mtoto wa mjenga nchi mpya anahitaji habari za mitambo na mashamba, si habari za mamba asemaye. Mwezi wa Februari, 1928, Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na mkubwa katika mambo ya elimu, alikishambulia kisa hicho katika gazeti la Pravda. Mwandishi Maxim Gorky alimtetea Chukovsky katika gazeti hilo hilo, lakini mashambulizi hayakukoma. Mwishoni mwa mwaka wa 1929 Chukovsky alilazimika kutangaza hadharani kwamba ameziacha hadithi zake. Hebu fikiri ni jambo zito kiasi gani, mtu kutakiwa atubu kwa sababu ya mamba wa hadithi.

Chukovsky hakuacha kuchunguza. Alikuwa ameanza kitabu juu ya lugha na akili za watoto wadogo, akakiongeza mwaka baada ya mwaka, na humo ameeleza mambo mawili ambayo napenda uyakumbuke. La kwanza ni la mama mmoja msomi aliyemlea mwanawe bila ya kumruhusu kusikia hadithi yoyote ya ajabu, akiyaandika maendeleo yake katika kitabu kila siku. Chukovsky alikisoma kitabu hicho akaona kwamba mtoto, kwa kunyimwa hadithi, alijitungia zake mwenyewe tangu asubuhi hata usiku: alikuwa na tembo mwekundu anayekaa chumbani, na wanyama wengine kadha wa kadha. Mama alidhani ameufunga mlango. Chemchemi ilikuwa ndani ya nyumba.

La pili ni la watoto waliofundishwa kuchukia kila lisilo la kawaida. Chukovsky alipowatajia papa, mmoja alipiga kelele kumkanusha: hakuna mnyama kama huyo! Mtoto huyu alikuwa amefundishwa kwamba la ajabu ni la uongo. Basi alipoambiwa jambo la ajabu lililo la kweli hakuwa na mahali pa kuliweka. Hapa ndipo penye moyo wa shauri letu. Washitaki walihofu kuwa hadithi zitamfanya mtoto aamini yasiyokuwako. Walisahau hatari ya pili, iliyo kubwa zaidi, kwamba mtoto asiyezoezwa kufikiri yasiyoonekana atakataa hata yaliyoko. Dunia huizunguka jua, na macho yetu hutuambia kinyume. Maji ya kunywa yaweza kuwa na viumbe wadogo wasioonekana, waletao maradhi. Mtu alikwenda mwezini mwaka wa 1969 akarudi. Mambo haya yote yalikuwa ya ajabu kabla ya kuwa ya hakika, na aliyeyagundua kila moja alikuwa mtu aliyeweza kuliona akilini kabla ya kuliona kwa macho. Mtoto wa Unguja aliyemsikia papa katika hadithi alikuwa tayari kumpokea papa wa baharini. Mtoto yule wa Urusi alinyang'anywa wote wawili.

Katika lugha yetu wenyewe hadithi za ajabu zimefanya kazi nyingine pia. Kisa cha Alice kilifasiriwa kwa Kiswahili kikatolewa mwaka wa 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake Elisi alikuwa msichana wa Kiafrika. Miaka 11 baadaye Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari ya nchi inayoelea angani, ambamo mtu mmoja, Karama, anashitakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Mwaka huo, 1951, nchi zetu zilikuwa chini ya watawala wa kigeni, wala si kila neno lingaliweza kusemwa wazi juu ya ardhi. Likasemwa juu ya mawingu, na kila msomaji mwenye macho alitambua ni nchi gani iliyokuwa ikielea. Katika Kenya, Ngugi wa Thiong'o alitoa mwaka wa 1982, kwa lugha ya Kikuyu, kitabu cha watoto juu ya mvulana Njamba Nene na basi lenye mabawa. Aliyeandika hayo alikuwa amewekwa kizuizini bila ya kushitakiwa toka mwisho wa mwaka wa 1977 mpaka mwisho wa 1978. Mtu aliyefungiwa kuta nne hafikirii basi linaloruka kwa upuuzi. Mwaka wa 2016 hadithi yake nyingine, juu ya mikono na miguu na jinsi binadamu alivyopata kusimama wima, ilianza kufasiriwa katika lugha nyingi za Afrika na za dunia, zikapindukia 100. Kwa hiyo ile njia ya kima na papa haijaota majani.

Sasa na turudi katika shitaka la kwanza, kwamba hadithi ni uongo. Mwongo huficha kuwa asema uongo. Akijulikana, kazi yake imekwisha. Msimulizi hufanya kinyume chake. Huanza kwa kugonga mlango: Paukwa! Na wasikilizaji humfungulia kwa hiari yao: Pakawa! Kwa maneno hayo mawili wamekwisha kuagana kwamba wanaingia katika nchi nyingine yenye sheria zake, na kwamba wakitoka watatoka pamoja. Mtoto aliyezoea kugonga na kutoka namna hii hujifunza mapema tofauti ya kisa na habari. Katika zama hizi, ambamo uongo hutembea kwa kasi ukiwa umevaa joho la habari, naona elimu hiyo si ndogo.

Hadithi pia ni chuo cha lugha. Nenda kamsikilize bibi akisimulia, utasikia maneno yasiyopatikana katika mazungumzo ya sokoni, na utayajua maana yake bila ya kufungua kamusi, kwa sababu kisa chenyewe kinakufasiria. Na hadithi ni chuo cha huruma. Aliyepanda mgongo wa papa pamoja na kima, akausikia moyo wake mwenyewe ukidunda juu ya maji, amekuwa kwa muda mtu mwingine. Asiyepata kuwa mtu mwingine hata mara moja, atajuaje kumwonea mwingine huruma?

Hebu tulinganishe, kwa kumaliza, hadithi mbili ndugu. Katika mwaka wa 1697 Charles Perrault wa Ufaransa alitoa kisa cha paka aliyemtajirisha bwana wake maskini na kumwoza binti wa mfalme. Katika kitabu cha Steere kipo kisa cha Sultani Darai, ambamo paa anamtendea fukara mambo hayo hayo. Kisa cha Ufaransa kinaishia kwa raha: paka amekuwa bwana mkubwa. Cha Unguja kinakwenda mbele zaidi. Paa anaugua, na yule aliyetajirishwa naye hataki hata kumtazama wala kumpa chakula chema. Paa anakufa kwa uchungu, na tajiri anajikuta amerudi jaani alikotoka, akichakura kama zamani. Wasimulizi wetu waliona kwamba kupata si mwisho wa hadithi. Mwisho ni jinsi unavyomtendea aliyekupatia.

Nawe, msomaji kijana, umepewa mengi na hadithi kabla hujajua kusoma. Zilikubeba ulipokuwa mdogo, zikakupa maneno, ushujaa na dunia pana kuliko kijiji chako. Sasa umekua, na masomo mengine yanakuita, nayo ni ya haki. Yafuate kwa bidii. Lakini ukikutana na bibi au babu ambaye bado ana visa kifuani, keti, itikia mwito wake, kisha shika kalamu uviandike kama alivyovisema. Wakati wa Steere wasimulizi walikuwa wengi, na mwandishi alikuwa mmoja. Leo waandishi ni wengi, nanyi ni miongoni mwao, na wasimulizi wanapungua kila mwaka. Paa hadai malipo makubwa. Ataka asisahauliwe siku ya ugonjwa wake.